Neno Likishatumwa

Mama yangu aliposikia kwamba ninaenda kulala hemani kwa kulipia, alicheka mpaka akakaa chini. "Mwanangu, miaka yote hii tumelala chini ya bashi bure, leo wewe unaenda kununua?" Nikamweleza kwamba si mimi niliyelipa. Mwalimu wetu wa picha ndiye aliyelipa, sisi vijana watano tukapige picha za wanyama karibu na Ziwa Mburo. Mama akasema sawa, nendeni, lakini mkirudi mniambie hema la kulipia lina tofauti gani na letu.

Tofauti ipo, ila leo siandiki habari ya hema. Naandika habari ya maneno niliyoyatoa juu ya hema lile. Niliyaandika kwenye simu, nikayatuma, watu wakayasoma, halafu nikaombwa niyabadilishe. Tangu hapo swali hili halijaniacha: neno ambalo umeshalituma mbele za watu, una haki ya kulibadilisha? Na kama haki unayo, unalibadilisha namna gani bila kuwa mwongo?

Msomaji anaweza kusema hili ni swali dogo la watu wenye MB za kuchezea. Naomba avumilie kidogo. Sisi wa Nakivale maisha yetu yanaendeshwa na maneno tuliyoyatuma zamani. Tutafika huko.

Safari ilikuwa mwezi wa nne, na ninyi mnajua mvua ya mwezi wa nne huku Isingiro. Tulitoka Kabingo alfajiri, tukafika Mbarara, tukapanda taksi ya barabara ya Masaka, tukashuka Sanga, kisha boda. Hakuna aliyetuuliza tunaenda wapi. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kutembea nchini, na kwa kweli siku ile nilijisikia mtu mzima. Jina la mahali tulipolala sitalitaja, na mwisho utaelewa kwa nini.

Pale kuna uwanja wa majani, mahema ya kukodi, vyoo viwili na mfereji mmoja. Mfereji ulikuwa mkavu. Jioni mvua ikaja, hema letu likaanza kuvuja upande wa miguu, halafu upande wa kichwa. Tukamtafuta mlinzi, hatukumwona. Alikuja usiku sana, nguo zimelowa, tukamwomba kuni za kuwasha moto. Akajibu kwa kifupi tu, "Kuni hapana," akaenda zake. Asubuhi tulikuta jerikani sita za maji zimepangwa karibu na choo. Tukanawa, tukapika chai, tukaondoka. Hakuna kati yetu aliyeuliza maji yale yametoka wapi.

Tulipofika Mbarara, wakati tunasubiri gari la kurudi, nilifungua Google Maps, nikatafuta mahali pale, nikatoa nyota moja. Nikaandika kwa Kiingereza changu cha shule sentensi nne: mahema yanavuja, maji hakuna, mlinzi hana adabu, msiende. Nikabonyeza, yakaenda.

Ngoja niseme ukweli juu ya nilivyojisikia, maana ndo mzizi wa kosa lenyewe. Nilisikia utamu. Maisha yangu yote mimi ndo mtu wa kuulizwa. Umetoka wapi, umefika lini, mko wangapi, mnakula mara ngapi kwa siku. Kuna mtu amekaa upande wa pili wa meza na kalamu, mimi najibu, yeye anaweka alama. Siku ile kalamu ilikuwa kwangu, na niliifurahia mno.

Wiki tatu zikapita. Simu ikaita, namba siijui. Sauti ya mzee, Kiswahili cha askari wa zamani.

"Kijana, mimi ndiye ule mlinzi. Ule uliandika hana adabu."

Namba yangu aliipata kwa kijana wa boda aliyetubeba. Mzee hakusoma maneno yangu mwenyewe, bosi wake ndiye aliyemsomea, kisha akamkata mshahara wa mwezi. Nikajaribu kujitetea: Mzee, lakini usiku ule ulichelewa, na ulitunyima kuni. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Maji ile mlikuta asubuhi, jerikani sita, nani alileta?"

Mfereji ulikuwa umeharibika kabla ya sisi kufika, na mwenye mahali alikuwa hajautengeneza. Mzee alipoona wageni wamefika, alichukua baiskeli akaenda kuteka maji mbali, akarudi, akaenda tena, mvua ikamkuta njiani. Kuni zilikuwepo, ila zote zilikuwa zimelowa. Kwa mtu aliyechoka vile, "kuni hapana" lilikuwa jibu kamili.

"Mimi siombi unisifu, kijana. Toa tu ile ya adabu."

Siku mbili baadaye ikaja simu nyingine, safari hii ya bosi mwenyewe, kwa sauti laini. Akasema tumeelewana vibaya, yeye ni mtu wa watu. Nikibadilisha nyota moja ziwe tano, na maneno yote yafutwe, atanitumia shilingi 50,000 kwenye simu na nitakuja kulala bure siku nitakayotaka.

Kwa hiyo nilikuwa na maombi mawili mkononi. Kwa juu juu yanafanana: wote wawili wanasema badilisha. Niliwaeleza rafiki zangu wawili tunaokaa nao. Wa kwanza akasema, usiguse kitu. Neno ni neno. Ukianza kubadilisha, watu watakuita kigeugeu, na wazee walishasema maji yakimwagika hayazoleki. Wa pili akasema, kula hela, ndugu yangu. Nyota ni nyota tu, hakuna mtu anayekufa kwa nyota.

Nikakaa na ushauri wao, nikaona wote wawili wana kosa moja. Wanalichukulia neno kama jiwe: ama unaliacha palepale, ama unaliuza. Lakini neno langu halikuwa jiwe moja, zilikuwa sentensi nne. Nikazipima moja moja.

"Mahema yanavuja." Hili nililiona kwa macho, nililisikia kwa miguu. Ni kweli kwa usiku ule.

"Maji hakuna." Hili ni nusu. Mfereji haukuwa na maji, lakini asubuhi mimi mwenyewe nilinawa. Nilisimulia ukavu wa mfereji, nikanyamaza juu ya jerikani.

"Mlinzi hana adabu." Hili sikuliona kabisa. Nilimwona mtu aliyechelewa na aliyejibu kwa kifupi. Adabu yake niliikisia, halafu nikaiandika kama kitu nilichokishuhudia.

"Msiende." Hii hata si habari, ni amri. Nani alinipa kazi ya kuamuru watu?

Hapo nikaona kwamba swali la "nibadilishe au nisibadilishe" lilikuwa limeulizwa vibaya. Sentensi moja ilistahili kubaki, moja kujaziwa, moja kurudishwa kwa kuomba radhi, na moja kuondolewa. Wala sikuhitaji kurudi Ziwa Mburo kuchunguza. Nilihitaji tu kujiuliza kila sentensi ilitoka wapi: kwenye macho, kwenye nusu ya habari, kwenye hasira, au kwenye utamu wa kushika kalamu.

Lakini bado kuna swali la namna. Mtandaoni kubadilisha ni rahisi sana. Unafungua maoni yako, unafuta, unaandika mengine, unatuma. Maneno ya mwanzo hayaonekani tena. Kinabaki kialama kidogo tu cha kuonyesha kwamba maoni yamehaririwa, na anayesoma leo hajui jana ilisema nini. Hapo ndipo nilipoogopa. Nikifuta kimya kimya, nitakuwa nimemsaidia mzee kwa njia ileile ambayo bosi anaitaka, yaani kwa giza. Tofauti itakuwa bei tu.

Nikatafuta watu waliobadilisha maneno yao bila giza. Wapo, tena wakubwa kuliko sisi.

Majirani zetu Wasomali, na Waislamu wa pwani yote ya Kiswahili, wengi wanafuata madhehebu ya Imam Shafi. Alizaliwa Gaza mwaka 767 na akafariki Misri mwaka 820. Alipokuwa Iraki alifundisha na kutoa hukumu nyingi. Alipohamia Misri miaka ya mwisho ya maisha yake, aliyapitia mafundisho yake na kuyabadilisha katika mambo kadhaa. Wanafunzi wake hawakuficha ya kwanza. Mpaka leo wanazuoni wa madhehebu hayo wanazungumzia kauli ya kale na kauli mpya. Ya kale imebaki inajulikana, ili mtu aone imam alitoka wapi na akafika wapi. Hakuna anayemwita kigeugeu kwa sababu hiyo.

Upande wa Wakristo yupo Augustino, askofu wa Hippo, mji ambao leo unaitwa Annaba, huko Algeria. Miaka michache kabla ya kifo chake mwaka 430, alikaa akapitia vitabu vyake vyote kwa mpangilio wa miaka, zaidi ya 90, akaandika kitabu kizima cha kusema: hapa nilisema vibaya, hapa sikueleweka, hapa bado nasimama. Vitabu vya zamani hakuvichoma. Aliviacha na makosa yake, akaweka sahihisho pembeni.

Kama imam na askofu ni mbali sana, njoo karibu, kwenye kituo cha afya. Nesi akikosea kuandika kipimo kwenye karatasi ya mgonjwa, utaratibu unamtaka apige mstari mmoja juu ya kosa, lile kosa libaki linasomeka, aandike lililo sahihi, aweke tarehe na sahihi yake. Haruhusiwi kulifuta likapotea. Sababu ni nyepesi: mtu mwingine huenda ameshatoa dawa kwa kufuata maandishi ya kwanza, na bila kuyaona hatujui nini kilimpata mgonjwa.

Watu hawa watatu wamenifundisha kitu kimoja, nacho ndicho ninachotaka msomaji aondoke nacho. Una haki ya kubadilisha neno lolote, mradi unaweza kuandika sababu ya kulibadilisha pembeni yake, mahali palepale, kila mtu aione. Kama sababu haiandikiki, hiyo si kusahihisha.

Hebu tujaribu kipimo hiki kwa bosi. "Nimetoa nyota tano kwa sababu nimetumiwa shilingi 50,000." Ungeiandika hiyo? Yeye mwenyewe angekuwa wa kwanza kuomba uifute. Nchi nyingine zimeliona jambo hili mpaka zikaliwekea sheria. Marekani mwaka 2024 ilitoa kanuni ya kukataza biashara kununua maoni kwa sharti kwamba yawe mazuri, au yawe mabaya. Sisi hatuhitaji kusubiri kanuni kutoka Washington. Sababu inayoogopa kuandikwa imeshajihukumu yenyewe.

Sasa tukijaribu kwa mzee. "Nilisema mlinzi hana adabu, nilikosea, alichelewa kwa sababu alikuwa anatubebea maji." Hii inaandikika, tena ukishaiandika unajisikia umetua mzigo.

Lakini kuna mtu ataniuliza: je, hukubadilisha kwa huruma tu? Mzee amekatwa mshahara, wewe roho imekuuma, ukatafuta njia ya kumwokoa. Ni kweli roho iliniuma. Isingekuwa ile simu, nisingerudi kusoma nilichoandika hata siku moja. Ila huruma ilifanya kazi moja tu: ilinirudisha kuangalia. Haikuniambia niandike nini. Kama mzee angepiga simu kumbe kweli alitutukana usiku ule, ningemwonea huruma vilevile, pengine ningemtafutia pesa, ningemwombea kwa bosi. Sentensi ingebaki. Huruma ina njia nyingi za kusaidia mtu, uongo si lazima uwe mmojawapo.

Na kama sababu ni woga? Mtu amebadilisha neno kwa sababu ametishwa. Hiyo nayo haiandikiki, maana akiiandika atapata shida zaidi. Hapa siwezi kumhukumu aliyebadilisha. Kosa ni la aliyetisha. Ila sisi tunaosoma tujue kwamba penye woga, neno jipya halina uzito kuliko la zamani, hata likiwa tamu namna gani.

Sasa tutoke Ziwa Mburo turudi nyumbani.

Makazi haya ya Nakivale yapo tangu mwisho wa miaka ya 1950. Tangu wakati huo watu wamefika hapa kutoka Rwanda, Kongo, Burundi, Somalia, Ethiopia, Eritrea, na kila mmoja alipofika alikaa mbele ya mtu akatoa maneno. Majina, tarehe, njia aliyopita, nani alikufa, nani alibaki. Aliyatoa akiwa amechoka, ana njaa, pengine ana mtoto mgongoni, kupitia mkalimani ambaye lugha zao zilikutana nusu. Halafu maneno yale yakatumwa. Yakawa faili.

Namjua mama mmoja ambaye mwanawe alizaliwa msimu wa kuvuna maharage. Kwenye meza fulani aliulizwa tarehe, hakuijua, ikaandikwa tarehe 1 Januari. Ninyi mnajua ni wangapi hapa tumezaliwa tarehe 1 Januari. Ukisoma vitambulisho vyetu utadhani mama zetu walipatana. Baadaye mama yule alipata karatasi ya kliniki yenye tarehe ya kweli. Hakuipeleka. Nilimwuliza kwa nini. Akanijibu, "Nikisema ile ya kwanza si sahihi, wataniuliza na mengine yote ni ya uongo?"

Fikiria jibu hilo. Mama ana ukweli mkononi, ameukunja kwenye kitambaa, anaogopa kuutoa kwa sababu ukweli wa leo utamfanya aonekane mwongo wa jana. Kwa hiyo anachagua kosa, maana kosa angalau linafanana na faili.

Ninaandika hapa kwa ndugu zangu wanaofanya kazi na sisi, wenye tableti na fomu. Najua mnalazimika kulinganisha maneno. Najua pia wapo wanaobadilisha hadithi kwa sababu wamesikia hadithi fulani inafungua mlango. Siwezi kukataa, tunaishi nao na tunawajua. Ila kitabu chenu wenyewe kinawapa nafasi. Mwongozo wa UNHCR wa namna ya kuamua nani ni mkimbizi, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1979, unaeleza katika aya ya 199 kwamba maelezo yasiyo ya kweli peke yake si sababu ya kumnyima mtu hadhi ya ukimbizi, na kwamba anayehoji ana wajibu wa kuyapima kwa kuangalia hali yote ya mtu huyo. Hata mahojiano ya pili yanakubalika ili kuondoa mkanganyiko. Walioandika aya hiyo walijua kwamba mtu anaweza kusema vibaya mara ya kwanza na bado awe mkweli.

Tatizo ni kwamba sisi hatuijui aya hiyo. Tunachokijua ni woga. Ndiyo maana hata kwenye mambo madogo tunafanya hivyohivyo. Baada ya mgao anapita kijana na maswali: umeridhika kidogo, wastani, au sana? Mtu anasema "sana," kwa sababu anaogopa akisema "kidogo" hata hicho kidogo kitakatwa. Jioni anakaa na majirani anasimulia habari nyingine kabisa: maharage yana wadudu, mstari ulikuwa mrefu, mzee mmoja alianguka. Lakini "sana" imeshatumwa. Inapanda ngazi, inaingia kwenye ripoti, na mwaka ujao mambo yanafanywa vilevile kwa sababu watu wa Kabingo waliridhika sana.

Nina pendekezo dogo lisilo na gharama. Kabla ya kuuliza maswali mapya, anza na hili: "Kuna kitu ulichotuambia mara ya mwisho ambacho leo unataka kukirekebisha?" Halafu, mtu akirekebisha, usimwangalie kwa jicho la "nimekukamata". Andika la zamani, andika jipya, andika sababu yake. Kama yule nesi. Anayebadilisha bila sababu utamwona, maana kipimo cha sababu kinafanya kazi pande zote mbili za meza. Na yule mama atafungua kitambaa chake.

Na kwetu sisi tunaojibu: tuache kujificha nyuma ya neno la kwanza. Waswahili wanasema kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Mimi naongeza kwamba kukaa kimya juu ya kosa unalolijua ni kulirudia kila siku, maana kila asubuhi kuna mtu mpya analisoma.

Mwisho wa hadithi yangu ni huu. Nilifungua maoni yangu nikaandika upya:

"Maoni haya niliyaandika mwezi wa nne, nimeyarekebisha mwezi wa tano. Usiku tuliolala, hema letu lilivuja na mfereji haukuwa na maji. Mara ya kwanza niliandika kwamba mlinzi hana adabu na kwamba watu wasiende. Kuhusu mlinzi nilikosea. Alichelewa kwa sababu alikuwa akitubebea maji kwa jerikani kwenye mvua, na mimi nililinawia bila kuuliza. Kama mahema yametengenezwa, sijui. Aliyelala juzi aseme."

Nyota zilinisumbua kuliko maneno. Nyota haina mahali pa kuandika "lakini". Nikaweka mbili, na mpaka leo sina uhakika nazo. Bosi nilimjibu kwamba pesa sichukui, na siku atakapotengeneza mahema aniambie, nitakuja kwa nauli yangu nilale, nitaandika nitakachokiona. Hakujibu. Jina la mahali pale silitaji hapa kwa sababu ninyi hamtaweza kunijibu kama pametengenezwa, na mzee bado yupo kazini.

Mzee nilimpigia. Akaomba nimsomee, nikamsomea polepole, nikitafsiri. Nilipofika kwenye jerikani akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. Akasema, "Eeh. Hiyo ndiyo ilikuwa."

Nikamwuliza kama mshahara umerudishwa. Akasema hapana. Nikamtumia 20,000 kwenye simu, si malipo, wala haifiki nusu ya alichokatwa. Akashukuru, hakusema zaidi.

Kwa hiyo rafiki yangu wa kwanza hakukosea kabisa. Maji yaliyomwagika hayakuzoleka. Wiki tatu watu walisoma kwamba mzee fulani hana adabu, na hao siwezi kuwafuata mmoja mmoja. Kusahihisha neno hakukurudisha mshahara. Kulimrudishia mzee kitu kimoja tu alichokiomba, na ilinichukua dakika tano.

Mama aliniuliza tena juzi: haya, hema la kulipia lina tofauti gani na letu? Nikamwambia linavuja vilevile, ila la kule unaweza kuliandikia maoni. Akafikiri kidogo, akasema, "Na la kwetu tungeandika nini?"

Sijamjibu bado. Nataka kwanza niangalie vizuri.